Picha za Giza za Kona ya Tatu

Lori la maziwa likijaa haliteremki mlima kwa mkupuo mmoja. Ukifika kona ya tatu unasimama dakika kumi, breki zipoe, ndipo unaendelea. Kampuni haikuandika hilo popote. Dereva aliyenifundisha kazi alinipiga kofi la kisogo siku niliyotaka kuiruka kona ile, akaniambia, "Breki ikichemka haisikii dua." Ni miaka ishirini na miwili sasa, na nasimama kila safari.

Pale kona ya tatu pana uwanja mdogo wa kokoto. Ng'ambo ya bonde kuna ubavu wa mlima uliosimama wima kama ukuta ambao fundi aliukimbia kabla ya kuupiga lipu. Nguzo tatu za umeme zimepandwa juu yake kwa mstari. Chini kabisa ya ubavu huo ndipo barabara yetu inapopita. Yaani unapoza breki huku unautazama mlima utakaopita chini yake muda si mrefu.

Miaka miwili iliyopita nilianza kuzitumia dakika hizo kupiga picha kwa simu. Sababu haikuwa kubwa. Mama watoto hajawahi kufika huko juu, nikataka aone ninakoshinda. Tatizo ni saa. Maziwa hayangoji jua. Tunapita pale alfajiri, mbingu ina rangi ya sufuria kuukuu, ukungu umelala bondeni, na injini inatetemesha mlango nilioegemeza simu. Picha zilitoka kama nimepiga nikiwa ndani ya gunia.

"Wenzako wakisafiri wanaleta nanasi," mama watoto alisema. "Wewe unaniletea giza."

"Ngoja nilitoe hilo giza."

"Ukilitoa patabaki nini?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Ila mimi ni mbishi. Shule niliiacha darasa la tano, na sikufukuzwa, niliondoka kwa miguu yangu. Tangu hapo kila ninachokijua nimekijua kwa kukihangaikia. Nikakaa na ile simu, kidole kimoja, jioni baada ya jioni. Nikagundua kwamba ukiongeza mwanga wa picha nzima, ukungu unageuka uji na mlima unapotea kabisa. Ukiinua sehemu zenye giza peke yake na kuuacha mwanga wa mbingu ulivyo, mlima unaanza kujitokeza kama mtu anayekuja kufungua mlango. Nikagundua pia kwamba rangi za alfajiri ni za kubuni, simu inatapakaza chembechembe nyekundu na kijani kama pilipili iliyomwagika. Nikaziondoa rangi zote. Picha zikabaki nyeusi na nyeupe, zina mikwaruzo, lakini mlima upo.

Madereva wenzangu wakanibatiza Mzee wa Giza. Aliyeanza ni Spana, mwakilishi wetu kazini. Anaitwa hivyo kwa sababu hakuna jambo analoliona limelegea asitake kulikaza, hata kama si lake.

Sikuwa natafuta kitu. Kama ningekuwa natafuta huenda nisingeona. Ni siku moja tu nimekaa nalinganisha picha ya zamani na ya wiki ile, nikaona nguzo ya katikati imeinama. Nikafuta kioo cha simu kwa shati. Bado imeinama. Nikafungua za katikati, mwezi kwa mwezi. Mwanzoni nguzo zote tatu zimenyooka. Baadaye ile ya katikati inaegemea kidogo, kama mtu anayesikiliza umbea. Halafu chini yake panatokea mstari, mwembamba kama uzi, umekata ubavu wa mlima kwa upana. Halafu mstari unakuwa kamba. Halafu udongo ulio chini ya kamba umeshuka, pamekuwa kama ngazi.

Nilimwambia meneja mara tatu. Meneja wetu ni mtu wa makamo ya chini, tai kila siku, si mtu mbaya. Mara ya kwanza alisema atawaambia watu wa barabara. Mara ya pili alisema ameshawaambia. Na kweli walikuja, wakasimama chini ya ule ubavu asubuhi yenye ukungu mzito, hawakuona hata viatu vyao, wakaondoka wakisema wataandika. Mara ya tatu meneja alinitazama kwa huruma.

"Mzee, wewe ni dereva. Milima ina wataalamu wake."

"Wataalamu hawapiti pale kila siku, bosi."

"Basi wewe pita."

Nikapita. Mpaka ile siku.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu bila kupumua. Nilisimama kona ya tatu, nikapiga picha, nikaitoa giza palepale kwenye usukani. Kamba imekuwa ufa. Chini barabarani palikuwa na mawe madogo yametawanyika, na waya wa umeme kati ya nguzo ya pili na ya tatu ulikuwa umekazwa kama uzi wa gitaa. Nyuma yangu nina lita elfu sita, tani sita na zaidi, na lori lenyewe likipita hutikisa vikombe kwenye nyumba za watu. Kisha nikaligeuza lori kwenye ule uwanja wa kokoto, nikapanda tena juu, nikashika barabara ndefu ya kuzunguka.

Barabara fupi ni saa mbili. Ile ndefu, kwa matope yale, ilinichukua saa saba. Maziwa nilikuwa nimeyapakia yakiwa bado na joto la ng'ombe, kama tunavyofanya siku zote kwa vile njia ni fupi. Kituo cha juu, tunakopakia, kina tangi la kupoza, lakini halikuwahi kuwashwa tangu lifike.

Nilipofika kiwandani, mama anayepima maziwa alichota kidogo, akachanganya na spiriti kwenye kichupa chake, akakitikisa mara moja. Hakuhitaji kuniambia. Vibonge vilishika kwenye kioo.

"Yamekatika, kaka yangu," alisema taratibu.

Wakafungua bomba, lita elfu sita zikaenda kwenye mtaro. Nilisimama nikatazama mpaka mwisho. Atakayesema hakuumia kuona maziwa yakimwagwa, huyo hajawahi kukamua. Najua zile nyumba. Namjua bibi anayeleta lita tatu kila alfajiri amezifunika kwa khanga.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Spana. Akapita njia ileile, chini ya ubavu uleule, akafika saa mbili baadaye anapiga mluzi.

"Mzee wa Giza!" aliniita mbele ya wote. "Mlima umekusalimia. Umesema unakudai maziwa."

Watu wakacheka mpaka wakashika magoti.

Mchana meneja akanipa barua. Ilisema mimi, dereva, kwa uzembe wangu na kwa kutoa taarifa ya uongo kuhusu hali ya barabara, nimesababisha maziwa kuharibika, na naomba radhi. Nafasi ya saini iko chini. Nikisaini, napewa onyo na narudi kazini. Nisiposaini, nakabidhi funguo.

"Uzembe sikufanya," nikasema. "Na uongo sikusema."

"Basi thibitisha. Kesho saa nane mchana. Nitakuwepo mimi na mwakilishi wenu."

Nilirudi nyumbani nikamwonyesha mama watoto ile barua. Aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Ukisaini watakuita mwongo mpaka siku unayozikwa," alisema. "Usiposaini tutakula nini?"

"Ndiyo hesabu yenyewe."

"Basi wapelekee hizo picha zako za gunia. Si ndiyo kazi yake."

Picha za simu zilikuwa ndogo. Nilitaka kubwa, za kuweka mezani, mtu azitazame bila kukodoa macho. Hapo ndipo nilipomfikiria Poda.

Poda ni mtoto wa mama mdogo. Ana studio ya picha karibu na stendi, chumba kimoja, pazia moja jekundu, kompyuta mbili. Ukutani kwake kuna maharusi zaidi ya arobaini na wote wana ngozi moja. Bibi harusi akiingia pale na chunusi anatoka na uso wa sahani. Bwana harusi mwenye bega moja lililoshuka anatoka ana mabega mawili ya askari. Ndiyo maana tunamwita Poda. Nilimpelekea picha kumi na mbili, moja kwa kila miezi miwili, nikamwambia azitoe giza na azichape kubwa. Nilikuwa na haraka, naye alikuwa na wateja. Sikumwambia za nini. Kosa hilo ni langu, nalibeba.

Kesho yake nilizipitia saa saba na nusu. Mvua ilikuwa inamwagika. Alikuwa ameshazifunga kwenye bahasha kubwa, akaizungushia nailoni na gundi ya karatasi pande zote.

"Usifungue njiani, kaka, zitalowa. Nimekufanyia kazi! Utanishukuru."

Nikaenda nayo hivyohivyo chini ya koti.

Ofisi ya meneja ina meza ya kioo, viti vitatu, na harufu ya sabuni ya kuoshea matangi. Meneja alikaa upande wake, Spana akakaa pembeni miguu ameikunja kama mgeni rasmi. Nikachana nailoni kwa kisu, nikazipanga picha mezani kumi na mbili, bila hata kuzitazama, kwa sababu nilikuwa nautazama uso wa meneja.

Uso wa meneja ukatabasamu. Ndipo nikatazama chini.

Mbingu ilikuwa ya bluu. Kumi na mbili zote. Wingu moja jeupe limekaa kulia, lile lile, mahali pale pale, miaka miwili halijasogea hata hatua. Mlima wa kijani, laini, kama umekandwa kwa mkono. Hakuna mstari. Hakuna ngazi. Nguzo tatu zimesimama wima kama wanafunzi siku ya mkaguzi.

"Mzee," meneja alisema, "kwenye mlima huu hata mimi ningejenga nyumba."

Spana aliinua moja. "Kumbe wenzako tulikuwa tunalowa, wewe ulikuwa na kiangazi chako peke yako huko juu?"

"Hizi sizo," nikasema.

"Si umezileta wewe?"

"Nimezileta mimi. Lakini sizo."

Meneja alisogeza barua kwangu kwa kidole kimoja. Kalamu ikaja nyuma yake. Nilihisi masikio yanawaka. Ningeweza kusaini palepale, na nadhani nusu ya watu wenye akili wangesaini. Nikairudisha kalamu.

"Nipe mpaka kesho."

"Kesho saa nane," alisema. "Halafu funguo, mzee. Sitaki tugombane."

Nilikwenda kwa Poda na ile mvua yote mgongoni. Alikuwa anampiga picha mama mmoja na mapacha. Nikangoja wamalize. Mama alipotoka na watoto wake, nikaiweka picha moja mezani.

"Poda. Hapa palikuwa na mstari."

"Lile kovu? Nililifuta." Alisema kwa fahari kabisa. "Lilikuwa linaharibu, kaka. Limekatiza katikati."

"Na nguzo?"

"Ilikuwa imeinama, nikakunyooshea. Bure hiyo, sikuhesabu. Na mbingu nikakuwekea ile nzuri, wateja wote wanaipenda."

Nikakaa kwenye kile kiti anachokalishia maharusi.

"Lile kovu ndilo nililokuwa napeleka," nikasema. Nikamweleza yote, maziwa, barua, funguo. Alisikiliza mdomo wazi, na kadiri nilivyoendelea alikuwa anapungua kwenye kiti chake.

"Sasa si ungesema!"

"Ningesema nini? Tafadhali usiupake mlima poda?"

"Kaka, mtu akiniletea kitu kimeinama mimi nakinyoosha. Miaka kumi na tano ndiyo kazi yangu. Sijui nifanye nini na kitu ambacho kinatakiwa kubaki kibaya."

Hakuwa anatania. Akafunga mlango, akageuza kibao, wateja wakabaki wanagonga nje. Tukaanza upya.

Kuna jambo nililolifanya bila kujua thamani yake. Kwa sababu injini inatetemesha mlango, kila asubuhi nilikuwa napiga picha tano sita mfululizo, ili walau moja isitikisike. Zote zilikuwa bado kwenye simu. Poda alizitazama zile sita za asubuhi moja, akakuza kipande kidogo cha kila moja.

"Ona hizi chembechembe," alisema. "Hii imeziweka hapa, hii imeziweka pale. Kila picha na zake. Ni giza linalofanya hivyo, simu ikikosa mwanga inabahatisha."

"Na ufa?"

Akatafuta ufa kwenye zote sita. Ulikuwa mahali palepale.

"Basi ni kama mashahidi," nikasema. "Waongo sita hawakubaliani. Kila mmoja ana uongo wake. Wanalokubaliana wote ndilo lililotokea."

"Naweza kuzilaza moja juu ya nyingine," Poda alisema, sasa macho yamemwaka. "Kompyuta ichukue wanalokubaliana, iache wanalobishania."

Ndivyo tulivyofanya. Sita za asubuhi moja zinakuwa picha moja, na kweli ule mchanga wa giza ukaanza kutoweka wenyewe, bila kufuta kitu. Tukaondoa rangi za kubahatisha. Tukakata pembeni palipoonekana dashibodi imejirudia kwenye kioo. Tukainua sehemu za giza kidogokidogo, na kila ukungu ulipotaka kuwa uji tukarudi nyuma. Mkono wa Poda ulikuwa unateleza wenyewe kwenda kule anakofutia. Mara mbili nilimpiga kofi la kiganja.

Ilipofika picha ya mwisho, ile ya siku ya mvua, alisimama akaitazama kwa mbali.

"Kaka, nikuongezee weusi kidogo tu hapo kwenye ufa? Ili mjinga naye aone. Si uongo, ufa upo."

Hilo lilikuwa jaribu kubwa kuliko kalamu ya meneja. Funguo zangu zilikuwa pale, kwenye ncha ya kidole cha Poda.

"Ukiongeza hata unywele," nikamwambia, "ile barua itakuwa kweli na nitaisaini."

Akatoa mkono. Tukachapa zilivyo. Zilikuwa za kijivu, chafu kidogo, ukungu umekaa bondeni, mbingu haina kitu. Lakini mlima ulikuwa mlima, na nguzo ya katikati ilikuwa inaanguka pole pole, picha kwa picha, mbele ya macho yako.

"Hizi siwezi kuzitundika dirishani," Poda alisema. "Zitanifukuzia wateja."

"Hazitaki dirisha."

Kesho yake saa nane nikazipanga kwenye ile meza ya kioo. Meneja alizitazama kwa muda, moja baada ya nyingine. Kisha akaegemea nyuma.

"Jana umeleta mlima usio na ufa. Leo umeleta wenye ufa. Kesho utaniletea wenye volkano?"

Spana akaguna kwa kicheko.

"Una haki ya kuuliza," nikasema.

"Nani amekuchorea?"

"Hakuna aliyechora. Za jana ndizo zilizochorwa."

"Mzee, zote zimepita kwenye kompyuta. Mimi nitajuaje? Mtu akiweza kuweka wingu, anashindwa kuweka ufa?"

Hilo swali nilikuwa nalo tangu usingizini. Nikatoa simu, nikamtumia meneja picha mbili. Ya kwanza kabisa, na ya siku ya mvua. Zikiwa na giza lake lote, kama zilivyotoka. Simu yake ikalia mezani.

"Fungua."

Akafungua. "Sioni kitu. Ni nyeusi."

"Ndiyo ilivyo. Haijaguswa na mtu. Sasa itoe giza mwenyewe."

"Mimi?"

"Kidole ni chako, simu ni yako. Mimi nakaa huku." Nikasukuma kiti changu nyuma mpaka ukutani, nikaiweka mikono magotini.

Akavuta. Nikaona mwanga wa kioo unapanda usoni mwake, kisha akakunja uso.

"Imekuwa nyeupe tupu."

"Umeongeza mwanga wote, huo ni uji. Rudisha. Usiuguse mwanga. Tafuta palipoandikwa vivuli. Hapo. Vuta taratibu, kama unashusha lori."

Akavuta taratibu. Nje walikuwa wanaosha matangi. Kidole chake kilikuwa kinasogea kwa unywele mmoja mmoja. Kikasimama. Akaisogeza simu karibu na macho. Akatoka kwenye hiyo, akaifungua ile ya kwanza, akaivuta nayo. Akarudi ya pili. Akaenda ya kwanza. Alifanya hivyo mara nne.

Spana alikuwa ameshasimama nyuma yake.

"Hiyo nguzo," Spana alisema.

Akainama juu ya bega la meneja.

"Bosi, irudishe ile ya kwanza. Nguzo ilikuwa imenyooka?"

"Ilikuwa imenyooka."

Spana akatafuta kiti akakikosa, akaegemea kabati. Juzi yake alikuwa amepita chini ya ile nguzo na mluzi mdomoni.

Meneja aliiweka simu kifudifudi. Aliusugua uso kwa viganja viwili. "Sawa," alisema. "Sawa, mzee. Lakini maziwa yalimwagika. Wenye kampuni wanaiulizia hiyo barua. Siwezi kuwapelekea mikono mitupu. Saini tu, mimi na wewe tunajua ukweli."

"Mimi na wewe tukifa?"

"Mzee..."

"Andika kwamba nilikataa kupita, nitasaini sasa hivi. Hilo nililifanya, na nitalifanya tena. Ukiandika nilizembea, kata jina langu tu."

"Unajua unachokitupa? Miaka ishirini na miwili!"

"Ndiyo hiyo hiyo nisiyoweza kuiandikia uongo."

Alitazama barua, akatazama mlango. Nadhani alikuwa anataka niondoke kwa hasira, ingemrahisishia. Sikuondoka.

Ni Spana aliyesema. "Kesho ni zamu yangu."

"Najua," meneja alisema.

"Sipiti pale, bosi. Nazunguka."

"Na maziwa yatakatika kama yale?"

"Washeni lile tangi la kupoza kule juu. Limefunikwa turubai kama maiti toka mlinunue. Yapoe kwanza, nipakie ya baridi, nizunguke hata saa saba."

"Jenereta linakunywa mafuta."

"Basi lisinywe," Spana alisema. "Endesha wewe. Funguo hizi."

Akaziweka juu ya picha. Mimi zangu zilikuwa mfukoni. Nikazitoa, nikaziweka kando ya zake. Sijawahi kumpenda yule mtu hata siku moja, na sidhani kama nimeanza. Lakini alipokaza, alikaza.

Meneja alitazama zile funguo mbili. Kisha akaivuta kompyuta yake, akaanza kuandika.

Barua ya pili ikatoka kwenye mashine. Mimi husoma polepole, nikifuata mstari kwa kidole, na sikuharakisha kwa ajili ya mtu yeyote. Ilisema dereva alikataa kupita chini ya ubavu wa mlima. Vizuri. Ilisema maziwa yalichelewa yakaharibika. Kweli tupu. Nikafika mstari wa mwisho: *kutokana na uzembe huo.*

Nikamrudishia. "Mstari wa mwisho."

"Ni neno la kawaida tu, mzee, linakaa kwenye barua zote."

"Kwenye hii litoke."

Akaandika ya tatu. Nikaisoma yote tena, kuanzia tarehe. Spana alikuwa anatazama saa, meneja anatazama dari. Ilisema nilikataa kupita kwa sababu niliona ufa. Ilisema napewa onyo. Onyo nalikubali, maziwa ya watu yalimwagika na mimi ndiye niliyekuwa na usukani. Nikasaini kwa herufi kubwa, majina yote matatu.

Picha zile kumi na mbili za kijivu nilizipeleka ofisi ya barabara. Wakazigonga muhuri wa kupokelewa. Mpaka leo hawajaja, au wamekuja tena siku ya ukungu.

Utaniuliza kama mlima ulianguka. Haujaanguka. Mvua za pili zimeanza na bado upo. Tangi la kupoza linanguruma kule juu, na sisi tunazunguka barabara ndefu, madereva wote watatu, mgongo unatuuma, mama watoto analalamika kwamba sasa ananiona kama mwezi mwandamo. Njia panda nakutana na malori ya mbao na ya mawe yanashika barabara fupi, na madereva wake wananijua. Wanapiga honi, wanatoa vichwa dirishani.

"Mzee wa Giza! Mlima wako vipi?"

"Nimewaambia," nawajibu, na nakata kona kushoto. "Piteni nyinyi."